Moshi Usipande

Mimi ni mwalimu mwenye sauti kubwa. Wenzangu shuleni wananitania kwamba nikifundisha darasa la tano, mtaa wetu mzima wa Kamalondo unafaulu mtihani, hata fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Ninapenda kusikilizwa, siwezi kukana. Mtoto akipiga miayo mbele yangu ninaona amenitukana. Ninalitaja hili mapema kwa sababu yaliyotokea majira ya baridi yaliyopita yalianzia hapo, na sitaki kumsukumia mtu mwingine lawama.

Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya walimu juu ya mabadiliko ya tabianchi. Walitupa soda, mkate wa siagi na bango kubwa la rangi. Kwenye bango kulikuwa na dunia, jua, mishale mingi, na pembeni nyumba ya vioo iliyojaa nyanya. Nililibeba bango lile mpaka shuleni kwa majivuno, nikalitundika, nikaanza: effet de serre, watoto, yaani joto linaingia halafu linanaswa.

Mkono mmoja ukainuka nyuma.

"Madame, banajenga nyumba ya vioo juu ya tomati?"

"Ndiyo, huko Ulaya."

"Na bezi? Hababonake kama tomati iko ndani?"

Wezi wa nyanya! Darasa likalipuka. Nikawaacha wacheke, kisha nikalishusha bango. Kweli, nani kati yao aliwahi kuona nyumba ya vioo? Nikawauliza kama wamewahi kuingia kwenye taksi iliyosimama juani, vioo juu. Wote wakapiga kelele kwamba ndiyo. Nikawaambia dunia ni hivyo hivyo. Halafu nikapata njia nzuri zaidi: bulangeti. Dunia imejifunika bulangeti la hewa, nikasema. Likiwa jembamba ni jema, bila hilo tungeganda. Lakini sisi binadamu kila siku tunaongeza lingine juu yake, na lingine tena.

"Si iko muzuri, Madame?" alisema mtoto mmoja aliyevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine. "Baridi iko mingi!"

"Aa! Na mwezi wa kumi? Bulangeti hilo huwezi kulivua mwezi wa kumi, weye!"

Hapo wakatikisa vichwa kukubali. Mwezi wa kumi Lubumbashi kila mtu anaujua, mvua inapochelewa na mabati yanawaka juu ya vichwa. Niliona kwamba wamenielewa, na moyo wangu ukajaa. Ni hali tamu ile, mwalimu anaijua: macho yote kwako, hata yule anayechorachora kwenye dawati ameacha kuchora.

Nikauliza bulangeti hilo linatengenezwa na nini. Wakataja malori yanayopanga foleni kwenda mpakani Kasumbalesa, injini zikinguruma siku nzima. Wakataja viwanda. Wakataja ndege na moto wa porini. Nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kisha sauti moja ikasema: "Na mbabula."

Nikaidaka. Mbabula ndilo jiko letu la makala, yaani makaa, liko katika kila ua, na umeme ukikatika, yaani karibu kila jioni, ndilo linalopika bukari, ugali wetu, ya mji mzima. Kwa nini nililishikilia hilo na kuyaacha malori? Nimejiuliza mara nyingi. Jibu ni fupi na halinipendezi. Malori ya Kasumbalesa sikuweza kuwapa watoto kama kazi ya nyumbani. Mwenye kiwanda sikuweza kumwambia kitu. Lakini mbabula ya mama yao ilikuwa karibu, na hao walikuwa wadogo, na walikuwa wananisikiliza.

Basi nikawaka. Nikawaambia makala ni miti, ile ile miti ambayo finkubala, viwavi wetu wa kuliwa, wanakula majani yake, na siku hizi finkubala wanakuwa ghali sokoni kwa sababu tumewachomea nyumba yao. Hilo liliwauma, finkubala wa kukaanga wanapendwa na kila mtoto. Nikaongeza kwamba moshi mnaouona si kitu. Kuna hewa nyingine haionekani, haina harufu, na hata makala yakishakuwa mekundu, safi kabisa, hewa ile inaendelea kutoka.

"Inaendaka wapi?"

Aliyeuliza ni msichana wa dawati la pili, karibu na dirisha. Alikuwa mwembamba, na swali halikumkauka mdomoni. Mama yake anauza samaki wa barafu waitwao thomson sokoni na kurudi jioni. Baba yake ni dereva wa lori, wiki hizo alikuwa amekwama kwenye foleni ya mpaka. Nyumbani alikuwa anabaki na nkambo, yaani bibi mzaa baba, mwanamke mfupi ambaye mwisho wa kila muhula ndiye alikuja kuchukua bulletin, ripoti ya alama, akinipa mkono kwa mikono miwili.

"Inapanda," nikamjibu. "Inapanda mpaka kwenye bulangeti, inakaa huko. Kazi yetu sisi ni moja tu: kuizuia isipande."

Nikaugeukia ubao, nikaandika kwa herufi kubwa. Nikawafanya waseme pamoja. "Isi-pande!" Tena. "Isi-pande!" Madirisha yalitikisika. Fundi cherehani alisimamisha mashine yake akachungulia.

"Devoir ya leo," nikasema. "Jioni, kila mtu afanye kitu kimoja kwao kusudi hewa ile isipande. Kesho mnaniambia mmefanya nini. Nitatoa pointi."

Nilirudi nyumbani nimeridhika. Umeme haukuwepo. Niliwasha mbabula yangu uani, nikapepea kwa kifuniko cha ndoo, nikapika. Nilijicheka kidogo, kweli, mwalimu wa tabianchi na gunia lake la makala nyuma ya mlango. Lakini nilijicheka tu, sikuwaza zaidi.

Asubuhi nikaanza na ile devoir, kwa hamu, sidanganyi. Mvulana mmoja alikuwa amemwagia maji mbabula ya mama yake, maharagwe yakiwa nusu, akala kofi na akalala bila chakula. Alisimulia akishika shavu, darasa likafa kwa kicheko. Mwingine alificha gunia la makala chini ya kitanda cha mjomba. Mwingine alimshauri baba yake wale mkate mkavu mpaka umeme urudi, na baba akamuuliza ni mwalimu gani huyo anayelipa mkate. Nilicheka mpaka nikajifuta machozi. Niliwasifu wote, hata yule wa kofi. Hasa yule wa kofi.

Halafu nikafika dawati la pili. Karibu na dirisha palikuwa wazi.

"Mwenzenu iko wapi?"

Jirani yake akainama. "Madame, alikunywa moshi ya makala. Jana mangaribi. Balimubeba ku opitali, yeye na nkambo yake."

Nilisimama pale na chaki mkononi. Nikauliza imekuwaje, na yule mtoto akasema vile alivyosikia kwa wakubwa: nkambo alisikia baridi, akaingiza mbabula ndani.

Naam, baridi. Nililikamata neno hilo kwa mikono yote. Kila mwaka majira haya watu wanaingiza mbabula vyumbani ili wapate joto, na kila mwaka tunasikia habari mbaya. Wazee wanajua kuacha mlango wazi kidogo, lakini wazee wanasahau. Ni jambo la kawaida, nikajiambia. Halina uhusiano na wewe. Nikageuka kufuta ubao nianze hesabu, na pale juu, kwa mwandiko wangu mzuri, palikuwa bado pameandikwa: isipande.

Baada ya masomo nilinunua machungwa, nikaenda hospitali.

Msichana alikuwa kitandani, bomba la hewa puani, macho yamefungwa. Alikuwa anapumua. Mama yake alikuwa amesimama kando, bado na aproni ya sokoni, inanuka samaki. Aliponiona alilia, akanishika mikono.

"Aksanti, Madame. Hata ba kwetu habajafika bado. Weye ni wa kwanza."

Nikamuuliza: daktari amesema nini? Alisema wangoje, mtoto anaweza kuamka vizuri, anaweza kuamka vibaya, hawajui. Kisha mama akanyoosha kidole kuelekea ukumbini, na sauti yake ikabadilika.

"Ni ule mama. Nilimukatazaka kila siku! Nkambo, baridi ama hapana baridi, mbabula inabaki inje. Majirani bamemukuta analala pa mulango, mbabula katikati ya nyumba, mutoto chini. Eh, Madame! Bangechelewa kidogo tu, ningekuta maiti mbili."

Alikuwa amempigia mumewe simu kule kwenye foleni. Walikuwa wamekubaliana: nkambo akipata nguvu ya kusafiri tu, atapelekwa Sakania kwa binti yake, akae huko. Hatabaki tena na mtoto.

Nilitoka ukumbini. Nkambo alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, kitambaa kimefungwa kichwani kwa nguvu. Kwa usiku ule mmoja alikuwa amezeeka. Nikapiga magoti kumsalimu.

"Pole, nkambo. Unasikia namna gani?"

"Kichwa inauma. Na mutoto?"

"Anapumua."

"Mungu iko."

Nilisita. Kisha nikauliza, kwa sauti ya chini kabisa, mimi mwenye sauti kubwa: "Nkambo, ni weye uliingiza mbabula?"

Alinitazama. Alinitazama muda mrefu, mpaka nikainamisha macho.

"Banasema ni miye," alisema. "Siye bazee tunasahabu vitu. Pengine ni miye."

Hilo halikuwa jibu, na nililijua. Nilipaswa kurudi ndani saa ile ile na kumwambia yule mama: ngoja kwanza, jana niliwapa watoto kazi. Sentensi moja tu. Niliwaachia machungwa, nikaaga, nikaenda.

Nyumbani nilikaa uani bila kuwasha moto. Nilijitetea kama wakili. Sina hakika. Mtoto mwenye akili kama yule hawezi kufanya jambo la hivyo. Nikisema nitawatia watu wasiwasi bure, na mkurugenzi wa shule atasikia, na wazazi watasema Madame anawafundisha watoto kujiua. Lakini nilipojaribu kusali, sala ilitoka imepinda. Nilimwomba Mungu mtoto aamke. Na chini yake, kwa aibu, niliomba jambo lingine: akiamka, asikumbuke.

Niliomba hivyo, mimi. Mtu anayelipwa ili watoto wakumbuke.

Kesho yake nilirudi na machungwa mengine, kana kwamba machungwa ndiyo yaliyokuwa yanakosekana. Nilipofika mlangoni nikamsikia mama akicheka na kulia pamoja. Msichana alikuwa ameketi, mto mgongoni. Uso ulikuwa umevimba kidogo, lakini macho yalikuwa yale yale ya dawati la pili. Nkambo alikuwa ameruhusiwa kuingia, amekaa chini karibu na ukuta, mbali na kitanda. Kifurushi chake cha nguo kilikuwa tayari kando yake, kimefungwa fundo, cha safari ya Sakania.

Mtoto aliponiona alijaribu kusimama kunisalimu kama darasani. Mama yake akamrudisha.

"Madame," akasema, sauti imekauka. "Nilifanya devoir."

Mama akauliza devoir gani, mutoto, pumzika. Lakini alikuwa anajibu swali la mwalimu, na mtoto yule akianza kujibu haishii njiani.

"Nilingoja makala ikuwe nyekundu, vile ulisema. Nikaingiza mbabula mu nyumba. Nikafunga madirisha, nikafunga mulango, nikatia kitenge yangu huku chini kusudi isipite. Ile hewa yote ilikuwa ndani, Madame. Haikupanda."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuza kichwa.

"Halafu kichwa ikaanza kuuma, nikaanguka. Nikaona nkambo anatoka mu chumba, anatambaa. Nilitaka kumuambia asifungule. Mudomo ikakataa." Akaanza kulia, polepole, kama mtu aliyevunja sahani ya watu. "Akafungula mulango. Yote ikapanda. Unisamehe, Madame. Utaniandikia zero?"

Ee Mungu wangu. Nimefundisha miaka mingi, nimeulizwa maswali ya kila namna. Lile bado ninalisikia ninapopepea makala, ninapofunga dirisha la chumba changu, ninaposhika chaki.

"Hapana," nilisema. "Hapana, mwanangu. Hapana." Nililirudia sana. Kisha nikamgeukia mama yake, mfuko wa machungwa bado mkononi, nikamwambia kila kitu: bango, bulangeti, neno nililoandika ubaoni na kuwafanya walipigie kelele. Nikamwambia niliwafundisha kwamba hewa ile inatia dunia joto, nikasahau kuwaambia kwamba makala yanatoa na nyingine pamoja nayo, na ikifungiwa ndani inaua mtu. Nilisahau kwa sababu mimi ninajua. Kila mtu mzima wa Lubumbashi anajua. Na nikamwambia kwamba jana pia nilijua, karibu nilijua, na nilimwacha nkambo akalie mkeka wa ukumbini na kosa langu kichwani.

Nilingoja anitukane. Nilikuwa ninamhitaji anitukane, nadhani. Hakunitukana. Alinitazama, akamtazama mtoto, kisha akaenda mpaka ukutani, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake. Alichukua kile kifurushi, akafungua fundo, akaanza kuzitoa nguo moja moja na kuziweka kwenye kiti. Halafu akatoka nje na simu yake kumpigia mumewe.

Nikabaki na nkambo. Nikamuuliza kwa nini hakujitetea.

"Nilikuta kitenge ya mutoto chini ya mulango," alisema. "Nikajua ni yeye. Sikujua juu ya nini. Nikasema, mama yake akijua atamupiga sana. Miye niko muzee, banaweza kunituma Sakania, kule pia banakulaka. Nikaikalia ile kitenge." Akainua kidogo upande wa kikoi chake, na kweli, kitenge cha maua ya manjano kilikuwa chini yake, kimekunjwa.

Nilimwomba msamaha. Niliomba vibaya, nikirukaruka toka Kiswahili kwenda Kifaransa na kurudi, nikilaumu mafunzo, bango, umeme. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Madame," akasema. "Mutoto huyu, miye namutuma maji, hasikilizake. Mama yake anamuita, hasikilizake. Baba yake anapiga simu toka Kasumbalesa anamukemea, hasikilizake."

Alisema kwa upole, bila hasira yoyote, akimtazama mtoto pale kitandani ambaye alikuwa ameanza kumenya chungwa langu.

"Weye, alikusikiliza."

Akasogea kidogo kwenye mkeka ili nipate nafasi. Nikakaa.